Louis Kahn: moto ulimuunguza uso, yeye akajengea mwangaza nyumba

Fort Worth ni mji wa jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Leo Wakongomani mingi wanaishi kule na katika mji jirani wa Dallas. Wamoja walipita kwanza kwenye kambi za wakimbizi, kiisha wakapanda ndege. Ndani ya mji huo wa Fort Worth kuna makumbusho ya sanaa, ile kwetu tunaita mize, yenye jina la Kimbell. Mtu anaingia kutazama mali yake bila kulipa hata franka moja. Humo kuna sanamu ya mwindaji mmoja ambaye habari yake inaanzia kwetu, kati ya Waluba na Walunda. Na nyumba yenyewe ilichorwa na mtu ambaye naye alifika Marekani akiwa mtoto wa wahamaji maskini, tena mwenye makovu usoni. Jina lake Louis Kahn. Leo wasanifu wa majengo wanatoka pande zote za dunia kwenda kuona kazi zake, lakini siku alikufa hata familia yake ilichelewa kujua.

Makaa ya moto

Louis Kahn alizaliwa mwaka 1901 huko Estonia, inchi ndogo iko kando ya bahari ya Baltiki. Wakati ule Estonia ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina lao la kwanza halikuwa Kahn. Mtoto aliitwa Itze-Leib Schmuilowsky. Baba yake alikuwa fundi wa kuchora kwenye vioo, mama yake alipenda muziki.

Alipokuwa na miaka mitatu hivi, aliona makaa yakiwaka. Rangi yake ilimvuta. Akayachota, akayaweka kwenye nguo yenye alikuwa amefungiwa mbele. Moto ukapanda juu, ukamuunguza mikono na sehemu ya chini ya uso. Kila mama wa kwetu mwenye anapika na mbabula anajua ajali ya namna hiyo, na anajua inavyochukua dakika moja tu. Familia ilisimulia kwamba baba, kwa uchungu, aliona afadhali mtoto apumzike, lakini mama alikataa, akasema mtoto ataishi na atakuwa mtu mkubwa. Mtoto akapona. Makovu yakabaki kwenye uso wake mpaka siku ya kufa.

Kwa maisha yake yote, mtu huyu aliendelea kutafuta kile alikuwa ameona ndani ya makaa: mwangaza. Kwake yeye chumba kisichopata mwangaza wa jua si chumba.

Philadelphia

Baba alitangulia kwenda Marekani kutafuta maisha. Mwaka 1906 mama na watoto wakamfuata mu mji wa Philadelphia. Walikaa kwenye mtaa wa maskini na walihama nyumba mara mingi juu ya kodi. Baba aliumia mgongo, kazi nzito ikamshinda. Mama ndiye alifuma nguo kwa ajili ya kulisha nyumba. Miaka kidogo mbele, mwaka 1915, familia ikabadilisha jina na kuitwa Kahn.

Kwenye shule watoto wengine walimcheka juu ya makovu. Yeye alikuwa na mambo mbili ya kujitetea: kuchora na piano. Alichora kwa kila kitu alipata, hata vipande vya miti iliyoungua, sababu hakukuwa feza ya kununua penseli. Kulikuwa na shule ya sanaa ya bure kwa watoto wa maskini, akaingia humo. Piano nayo ilimpa mkate: wakati ule sinema zilikuwa bila sauti, na mtu alipaswa kupiga muziki ndani ya chumba wakati picha zinapita. Kijana Louis alifanya kazi hiyo miaka mingi, na feza yake ilisaidia nyumbani na kulipa masomo.

Watu walifikiri atakuwa mchoraji wa picha. Lakini mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu mmoja alitoa masomo juu ya historia ya majengo. Hapo hapo kijana akageuka. Aliacha nafasi ya kusoma uchoraji bila kulipa, akaenda kusoma usanifu wa majengo kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alimaliza mwaka 1924.

Miaka mingi bila jina

Mtu angefikiri kwamba toka hapo mambo yalinyooka. Hapana. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, kazi za kujenga zikasimama, na wasanifu wakakaa bila kazi sawa vile mafundi wengine wote. Kahn alikuwa na diplome mkononi na hakuwa na kitu cha kujenga. Alikusanyika pamoja na wenzake wasio na kazi, wakaanza kujifunza namna ya kujenga nyumba za bei ya chini kwa maskini. Hakuna mtu alikuwa anawalipa.

Mwaka 1930 alioa Esther Israeli. Kwa miaka mingi mshahara wa Esther ndio ulibeba nyumba. Walikaa kwa wazazi wa bibi, na watu wa familia walikuwa na haki ya kujiuliza kama bwana huyo ataweza siku moja kusimama. Mtoto wao Sue Ann alizaliwa mwaka 1940. Wakati wa vita ya pili ya dunia Kahn alipata kazi ya kuchora mitaa ya wafanyakazi wa viwanda. Ilikuwa kazi nzuri na ya heshima, lakini haikumpa jina. Mwaka 1947 akaanza kufundisha kwenye Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi walimpenda, ila mtu wa miaka 46 mwenye bado hajajenga kitu kikubwa, wengi wangesema wakati wake umepita.

Kiisha ikaja safari. Mwisho wa mwaka 1950 alipata nafasi ya kukaa Roma miezi kidogo, na kutoka hapo alifika Ugiriki na Misri. Alikuwa anakaribia miaka 50. Aliketi mbele ya piramidi na mbele ya hekalu za zamani, akazichora kwa chaki za rangi. Aliona kuta nzito zenye zimesimama maelfu ya miaka, na aliona namna jua linatembea juu ya mawe hayo kutoka asubuhi hadi jioni. Wakati ule wasanifu wakubwa wa Marekani walikuwa wakijenga nyumba nyepesi za vioo na chuma. Kahn alirudi na wazo lingine: kujenga vitu vyenye uzito, vyenye vitadumu, na kuacha jua lifanye kazi ndani yake.

Akiwa bado Roma alipata kazi ya kuchora jengo la sanaa la Chuo cha Yale. Lilifunguliwa mwaka 1953, na ndilo lilimpa jina. Lilikuwa makumbusho yake ya kwanza.

Betoni, matofali na ofisi yenye deni

Toka hapo kazi zilikuja. Kule California alijenga taasisi ya utafiti ya Salk, mbele ya bahari ya Pasifiki: safu mbili za majengo ya betoni, na katikati kiwanja kitupu chenye mfereji mwembamba wa maji unaoelekea baharini. Kule Ahmedabad, Uhindi, alijenga shule kubwa ya usimamizi kwa matofali, sababu matofali ndiyo mafundi wa pale walikuwa wanajua. Kule Dhaka alichora bunge. Kazi ilipoanza, Dhaka ilikuwa bado sehemu ya Pakistan. Mwaka 1971 vita ikaja, kazi ikasimama, na inchi mpya ya Bangladesh ikazaliwa. Wabangladeshi, ingawa maskini, waliendelea kujenga. Bunge lilimalizika mwaka 1982, Kahn akiwa amekufa kitambo. Leo picha ya jengo hilo iko hata kwenye noti zao za feza.

Lakini Kahn hakuwa mfanyabiashara. Alichora, akafuta, akachora tena. Mteja alifikiri plani imekwisha, kesho yake Kahn alikuja na nyingine. Alilala ofisini, wakati mwingine juu ya mkeka tu. Ofisi ilikula feza mingi kuliko ile iliingia. Mafundi wa ofisi yake walimheshimu sana, na walichoka sana.

Nyumbani pia kulikuwa deni, la namna nyingine. Hakuachana na bibi yake Esther. Lakini alikuwa na mtoto mwanamke, Alexandra, aliyezaliwa mwaka 1954, na msanifu Anne Tyng, mwanamke mwenye akili nyingi ya hesabu na maumbo ambaye alifanya naye kazi miaka mingi. Kiisha mwaka 1962 akazaa mtoto mwanamume, Nathaniel, na Harriet Pattison, mtaalamu wa kupanga bustani. Nyumba tatu, mji mmoja. Nathaniel alikuwa anangojea ziara ya baba, jioni moja moja, kiisha mama alikuwa anamrudisha mzee kwa gari usiku, sababu Kahn hakuwahi kuendesha gari. Wanawake hao wawili walilea watoto bila ndoa, wakati Marekani yenyewe ilikuwa bado inawahukumu vikali wanawake wa namna hiyo. Kusifu majengo ya Kahn bila kutaja jambo hili itakuwa kusema nusu ya habari.

Feza ya unga na ya mafuta

Kay Kimbell alikuwa tajiri wa Fort Worth. Utajiri wake ulitoka kwenye unga, maduka ya chakula na mafuta ya petroli. Yeye na bibi yake walipenda kununua picha za wachoraji wa Ulaya. Alipokufa mwaka 1964, aliacha mali yake kwa kazi moja: mji wake upate makumbusho ya sanaa ya daraja la kwanza. Fort Worth ulikuwa unajulikana kwa biashara ya ngombe, na watu wa miji mikubwa ya mashariki walikuwa wakiucheka.

Mkurugenzi wa kwanza, Richard Brown, alikuwa ametoka Los Angeles, mahali aligombana na wakubwa wake juu ya jengo la makumbusho. Safari hii alitaka kufanya mambo vile anaamini. Aliandika masharti yake mbele hata ya kuchagua msanifu. Alitaka nyumba ambayo mgeni haogopi kuingia, hata yule hajasoma mambo ya sanaa. Na alitaka mwangaza wa jua uingie ndani, ili mtu akiwa mbele ya picha ajue kama wingu limepita nje. Mwaka 1966 alimchagua Kahn.

Hilo la jua ni shida kubwa kwa makumbusho. Jua linaharibu rangi. Picha ya miaka 400 ikipigwa na mwali wa jua kila siku, itapauka sawa vile kitenge chenye kinaanikwa kila siku mahali pamoja. Ndiyo maana makumbusho mingi yanafunga madirisha na kuwasha taa. Kahn alipaswa kuleta jua ndani na kulikataza lisiguse kitu.

Plani yake ya kwanza ilikuwa kubwa kupita kiasi na ya bei kali, na paa zake zilikuwa juu sana. Brown aliikataa. Alisema mambo wazi: mgeni asijisikie mdogo. Kahn akarudi mezani. Walibishana hivyo karibu miaka tatu, na ujenzi ulianza tu mwaka 1969. Fundi mmoja wa ofisi yake, Marshall Meyers, ndiye alipata umbo ambalo lilimaliza shida ya urefu wa paa.

Umbo hilo ni rahisi kulielewa. Chukua kinga, tia alama ya chaki kwenye tairi, kiisha isukume kando ya ukuta. Ile alama inapanda pole pole, inapita juu, inashuka. Mstari wenye alama inachora hewani ni upinde mpana na mfupi, haupandi juu sana kama nusu ya duara. Paa za Kimbell zina umbo hilo. Ziko 16, zimelala sambamba. Kila moja ina urefu wa metre 30 hivi, upana wa metre 7 na kimo cha metre 6. Ni betoni, na kila moja inasimama juu ya nguzo nne tu, kwenye pembe zake. Mhandisi August Komendant, ambaye naye alikulia Estonia, alipitisha nyaya za chuma ndani ya betoni na kuzivuta kwa nguvu ili paa isipasuke katikati. Kwenye kila mwisho, kati ya ukuta na upinde wa paa, Kahn aliacha nafasi nyembamba ya kioo. Mtu akitazama anaelewa kwamba ukuta haubebi kitu, ni pazia tu.

Sasa mwangaza. Juu kabisa, kwenye mgongo wa kila paa, kuna mwanya unaopita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa kawaida pale ndipo paa ingekuwa na nguvu zaidi, lakini Kahn alipakata. Chini ya mwanya huo kunaning'inia bati la alumini lenye matundu madogo, lililokunjwa sawa vile mabawa ya ndege. Alilitengeneza pamoja na mtaalamu wa taa Richard Kelly. Jua kali la Texas linapita kwenye mwanya, linagonga bati, linarudishwa juu kwenye betoni. Betoni nayo inalitawanya na kulishusha kwenye kuta likiwa laini, la rangi ya fedha. Hakuna mwali wenye unafika kwenye picha. Betoni, kitu ambacho watu wanaona ni cha kijivu na cha baridi, humo ndani inang'aa.

Makumbusho yalifunguliwa mwezi wa kumi mwaka 1972. Kahn alikuwa na miaka 71. Karibu na wakati huo huo wasanifu wa Marekani na wa Uingereza walimpa medali zao za dhahabu. Bustani ya mbele, yenye miti midogo iliyopangwa kwa mistari na maji yanayotiririka, ilikuwa na mkono wa Harriet Pattison, mama ya Nathaniel.

Mgeni akiingia

Kahn alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu, ni vile alipanga njia ya mgeni. Kwanza unapita kwenye miti, changarawe zikilia chini ya viatu, kiisha unafika kwenye vibaraza vitatu vilivyo wazi, vyenye paa ileile ya upinde. Vibaraza hivyo havina kazi nyingine, ni vya kumpokea mtu na kumpa kivuli. Maji yanaanguka pembeni. Ukifika kwenye mlango, mwili umekwisha kutulia, na macho yamezoea kivuli, hivyo yako tayari kwa ule mwangaza wa ndani.

Mali ya Kimbell si mingi. Hazifiki vitu 400, wakati makumbusho mengine yanahesabu kwa maelfu. Lakini vilichaguliwa kimoja kimoja, na vinatoka dunia nzima. Kuna picha ambayo Michelangelo aliichora akiwa bado kijana mdogo. Kuna picha ya Caravaggio ya matapeli wa karata wakimwibia mvulana tajiri. Kuna sanamu za Uhindi, China na Kambodia, kazi za watu wa Maya, na kichwa cha udongo cha Ife, Nigeria, chenye uso mtulivu wa mtu wa ufalme.

Na kuna Tshibinda Ilunga. Ni sanamu ya mti, haifiki nusu metre, iliyochongwa na fundi wa Watshokwe katika Angola ya katikati ya karne ya 19. Ana kilemba kikubwa cha kifalme, ndevu za nywele za kweli, mikono na miguu yenye misuli mikubwa kuliko mwili wake. Mkono mmoja unashika fimbo, mwingine unashika pembe ya mnyama yenye dawa za uwindaji.

Watu wa Katanga na Lualaba hawahitaji kufundishwa huyo ni nani. Ni mwana wa ukoo wa kifalme wa Waluba, mwindaji, aliyefika kwa Walunda na kuolewa moyoni na malkia Lueji. Malkia alimpa lukano, bangili ya ufalme. Ndugu za malkia walikasirika, wakaondoka na watu wao kwenda magharibi, na Watshokwe wanajihesabu kuwa kati ya wale walitoka kwenye safari hiyo. Ufalme wa Mwant Yav wa Musumba unaendelea hadi leo. Sanamu hiyo ina wasanii wachache wa kuilinganisha nao, na humo Kimbell inakaa chini ya paa moja na Michelangelo, ikipata mwangaza uleule.

Siku ya mwisho

Mwezi wa tatu mwaka 1974 Kahn alikuwa ametoka Ahmedabad kutazama kazi. Alishuka New York, akaenda kwenye kituo cha treni cha Penn kungojea treni ya Philadelphia. Ilikuwa siku ya Mungu, tarehe 17. Alianguka ndani ya choo cha wanaume. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka 73.

Polisi waliona mzee mmoja mwenye koti kuukuu na makovu usoni. Inasimuliwa kwamba kwenye hati yake ya kusafiria anwani ya nyumba ilikuwa imefutwa. Ujumbe ulitumwa kwa ofisi, lakini siku hiyo ofisi ilikuwa imefungwa. Karibu siku mbili mtu ambaye alikuwa anajenga bunge la inchi nzima alilala kwenye morge ya New York, na Esther alikuwa anampigia watu simu kumtafuta.

Aliacha deni la karibu nusu milioni ya dola. Watu walipiga kampeni, na jimbo la Pennsylvania likanunua michoro yake, ndipo deni likalipwa. Magazeti yaliandika kwamba ameacha bibi na mtoto mmoja. Nathaniel alikuwa na miaka 11. Alitafuta jina lake kwenye gazeti, hakuliona.

Mtoto huyo alikua, akawa mtengenezaji wa filamu. Alizunguka kutoka California hadi Dhaka, kutoka jengo moja hadi lingine, akiuliza watu baba yake alikuwa mtu gani. Filamu yake ilitoka mwaka 2003 na ikajulikana sana. Humo anakutana na dada zake wawili, kila mmoja wa mama yake, na wanazungumza waziwazi kama wao ni familia ao hapana. Hakumtukana baba, hakumtakasa pia.

Nyumba inabaki

Mwisho wa miaka ya 1980 wakubwa wa Kimbell walitaka kupanua nyumba kwa kuongeza paa zingine za upinde pembeni. Wasanifu wa dunia walipiga kelele, mpango ukaachwa. Mwaka 2013 jengo jipya lilifunguliwa ng'ambo ya bustani, limesimama peke yake. Mwenye alilichora, Renzo Piano wa Italia, alikuwa amefanya kazi ndani ya ofisi ya Kahn wakati wa ujana wake.

Jengo hilo jipya lilisahihisha jambo moja la zamani. Kwa miaka 40, wageni wengi walikuwa wakifika kwa gari, wanaiacha nyuma, wanaingia kwa mlango wa chini. Hawakupita kwenye miti wala kwenye vibaraza. Mzee asiyeendesha gari alikuwa amesahau kwamba Texas ni inchi ya magari. Sasa magari yanaachwa chini ya jengo jipya, na mtu akipanda juu anaona mbele yake ile sura Kahn alitaka aione kwanza.

Ndugu zetu wenye wanaishi Fort Worth na Dallas wanaweza kupeleka watoto siku yoyote makumbusho yako wazi. Maonyesho ya wageni tu ndiyo yanalipiwa, mali ya nyumba ni bure. Vitu vinahamishwa mara kwa mara, hivyo ni vizuri kuuliza wafanyakazi Tshibinda Ilunga yuko chumba gani. Na mbele ya kuingia, wapite upande wa miti.